Shokapu Moja Haiuzwi

Fundi wa magari hajui kubadilisha kitu kimoja. Shokapu ya kulia ikivuja, zinang'olewa zote mbili. Taa ya kushoto ikiungua, ya kulia nayo inatupwa hata kama inamulika mpaka mtaa wa pili. Ukiuliza sababu, anakujibu akiwa amelala chini ya gari, usije ukamwona machoni: "Bosi, hizi zinaenda kwa jozi."

Wapo wasomi wanaolipwa kabisa kulihesabu jambo hili. Katika takwimu za uimara wa mitambo wanauliza hivi: kifaa kimefika umri fulani na bado kizima, je, kwa wastani kimebakiza muda gani? Kikiwa kimoja, swali linajibika. Vikiwa viwili, yanaanza mambo ya ndoa: maisha yaliyobaki ya huyu yanategemea kama mwenzake yupo, na kama hayupo, aliondoka lini.

Mwaka 1961 John Freund alitoa hesabu ambamo mmoja akifa, hatari ya aliyebaki inabadilika, kwa mfano pale mzigo wote unapomwangukia yeye. Hapo fundi ana hoja, nakiri kwa shingo upande. Tuseme kila shokapu peke yake ingedumu wastani wa miaka 4, kwa hatari isiyobadilika na umri. Ya kwanza itakufa, kwa wastani, baada ya miaka 2. Kifo hicho kikiongeza maradufu hatari ya iliyobaki, nayo imebakiza wastani wa miaka 2 badala ya 4. Sawa. Lakini miaka 2 si sifuri! Hiyo ni yangu, nimeilipia, mbona inang'olewa na spana?

Mwaka 1967 wakaja Albert Marshall na Ingram Olkin na pigo la pamoja, linaloweza kuua vyote viwili kwa mkupuo. Ningeapa hawa wamepita mtaani kwetu usiku, kwenye lile tuta lisilopakwa rangi.

Basi ningelipa nikanyamaza, kama fundi angekuwa na hesabu moja. Akishamaliza kuihukumu shokapu yangu kwa uzee, anafungua boksi na kutoa jozi ya mtumba kutoka Japani. "Hizi na mpya hazina tofauti, bosi." Hapo ghafla amehamia kwenye mgawanyo wa eksponenshali, ambamo kifaa hakikumbuki umri wake: kilichotumika miaka 10 kimebakiza sawa na kilichotoka kiwandani asubuhi. Hesabu nzuri sana, ila si kwa chuma na mpira vinavyochakaa. Kwa vitu vya namna hiyo wahandisi hupenda mgawanyo wa Waloddi Weibull, yule Mswidi aliyeutangaza kwa makala yake ya mwaka 1951, kwa kuwa unaruhusu hatari kupanda kadiri umri unavyosogea. Kumbe kwa fundi wangu, cha mteja kinazeeka kwa Weibull, na cha dukani hakizeeki kabisa.

Nikamwambia, kama umri si kitu, anirudishie ile yangu nzima. "Aah, hiyo imeshachoka, bosi." Huku anaifuta mafuta kwa kitambaa, taratibu, kwa upendo ambao gari langu halijawahi kuupata.

"Sasa mbona unaifuta?"

"Kuna jamaa anapita jioni. Anatafuta moja tu."