Namna ya Kumwonja Mtu Mkali kwa Kiingereza

Kwa Kiswahili neno “kali” linatutosha kwa mengi: ndimu kali, pilipili kali, kisu kikali, jua kali, bosi mkali. Msikilizaji hujijazia mwenyewe. Kiingereza hakimwachii kazi hiyo. Kinakudai useme ukali huo unauma vipi, unadumu kwa muda gani na umetokana na nini. Na kwa kuwa ripoti za kazini na barua za malalamiko, Nairobi, Kampala na hata Dar es Salaam, bado nyingi huandikwa kwa lugha hiyo, mwonje mtu kwanza kama unavyoonja mchuzi, ndipo ushike kalamu.

Anza kwa kuuliza: je, aliwahi kuwa mtamu? Kama jibu ni ndiyo, chukua “sour”. Ni neno la maziwa yaliyochacha, na Waingereza hulipeleka kwenye ndoa, urafiki au biashara iliyoanza kwa vicheko ikaharibika njiani. Mkataba uliokuwa mbovu tangu siku ya kutiwa saini haukuchacha, kwa hiyo usiupe neno hilo.

Jibu fupi lenye makali lakini lisilo na chuki ni “tart”, ladha ya ukwaju na embe bichi. Hapa kuwa mwangalifu mno. Ukiandika “her reply was tart”, umesifu ulimi mwepesi. Ukiandika “she is a tart”, kwa Waingereza umemtukana mwanamke huyo kuwa ni malaya, na hiyo “a” ndogo haitakutetea mbele ya mumewe wala mbele ya hakimu.

Kisha kuna ukoo uliotoka Kilatini, wenye sura za kufanana na kazi tofauti. “Acid” hula kinachoguswa: ulimi wa namna hiyo humwacha mtu na tundu. “Acrid” ni moshi wa tairi linaloungua, harufu inayokwaruza koo. Neno hilo liachie moshi. “Acrimonious” huhitaji pande mbili, kama talaka ambayo kila mmoja amekuja na wakili, au mkutano wa familia kuhusu shamba. “Acerbic” ndilo la heshima kuliko yote, nami nalipenda. Humfaa mhakiki mwenye akili anayechoma kwa sentensi iliyopangwa vizuri, mfano wa Samuel Johnson, ambaye katika kamusi yake ya 1755 aliwapiga Waskoti kijembe alipokuwa akieleza maana ya “oats”, nafaka ya uji. Mwandishi akiitwa hivyo, mara nyingi hufurahi.

Mwenye hasira za kupanda haraka ni “hot-tempered”. Waingereza walitumia neno moja kwa moto na kwa pilipili karne nyingi kabla maabara haijawaunga mkono. Mwaka 1997 David Julius na wenzake, huko California, walitambua kipokezi cha mwili kinachoamshwa na kapsaisini ya pilipili, na ni hicho hicho kinachoamshwa na joto la kuunguza. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Kwa hiyo pilipili si ladha, ni taarifa ya moto. Mzee anayefoka kwa dakika mbili kisha akakuagizia chai mwite “peppery”. Ni neno lenye mapenzi ndani yake.

“Sharp” hufaa kwa kisu, jibini, akili na suti, lakini liweke mbali na biashara, kwani “sharp practice” ni ujanja wa kuwapunja watu.

Nimeliacha “bitter” mwisho kwa sababu ndilo linalotumiwa vibaya kuliko yote. Kwa asili ni ndugu wa “bite”, kuuma kwa meno, na uchungu wake hukaa kama wa kwinini. Mtu huwa “bitter” kwa sababu kuna jambo alitendewa: alinyimwa urithi, alirukwa cheo kikapewa mtu aliyefundishwa kazi naye, aliachwa na deni la mwingine. Ukimwita hivyo, umekiri kwamba kidonda kipo, na muungwana angeuliza nani alikikata. Lakini siku hizi hurushwa kwa yeyote anayekosoa, ili asisikilizwe. Mke aliyetelekezwa akidai matunzo ya watoto, “bitter”. Mfanyakazi akiuliza mshahara wa miezi mitatu, “bitter”. Huko si kuonja, ni kuziba watu midomo. Anayekwambia kwamba hesabu zako hazilingani hana uchungu wowote ulimini: huyo ni mhasibu, na kabla hujamtafutia neno la Kiingereza, fungua daftari ukague.