Serikali Inauliza Choo Changu ni cha Aina Gani

Jirani, mambo ya sera za afya mimi sijui kitu. Najua tu zamani kulikuwa na bima ya afya ya NHIF. Unatuma mia tano kwa mwezi, ukikosa unanyamaza, ukiugua ndio unaanza kutafuta kadi chini ya godoro. Oktoba mosi 2024 tukaambiwa hiyo imezikwa, sasa ni SHA. Na Julai ya mwaka huohuo Mahakama Kuu ilikuwa imesema sheria zake ni batili, halafu Mahakama ya Rufaa ikausimamisha huo uamuzi. Nikasema acha wamalizane ndio nijisajili. Goti langu likakataa kungoja.

Wenye mishahara wana raha. Wanakatwa asilimia 2.75, wanalalamika kidogo, wanaenda lanchi. Mimi nasukuma kitoroli cha smoki na mayai. Ukiniuliza napata ngapi kwa mwezi nitakuuliza mwezi gani, wa mvua ama wa jua? Basi serikali nayo ikapata ujanja: kama haioni mfuko wako, itaangalia nyumba yako. Paa la nini, sakafu ya nini, unapikia nini. Kompyuta inapiga hesabu zake huko ndani, inakutemea mchango. Chini ya mia tatu kwa mwezi haishuki. Hizo mia tatu nilikuwa nimeshazizoea hata kabla hawajaniuliza.

Ungeweza kujisajili kwa simu, unabonyeza *147#. Simu yangu kitufe cha nyota kilikufa. Nikaenda saiba. Foleni mpaka nje. Na yule binti wa pale, Mungu ampe afya, ana sauti ya makanga.

"Uncle, choo ni cha ndani ama cha nje?"

Watu wote wakanyamaza. Hata fotokopi ilinyamaza. Nikanong'ona, cha nje. "Mnatumia peke yenu ama na majirani?" Na majirani, siz. Wawili wao walikuwa kwenye foleni, wakatikisa vichwa kama mashahidi. Sakafu? Simiti. Ukuta? Mabati. Kwa kweli nilikuwa naenda vizuri. Kila jibu nilikuwa nazidi kuwa maskini, mia tatu naiona kwa macho.

"Una mifugo? Ng'ombe, mbuzi?"

Nikafungua mdomo niseme sina. Nyuma yangu mtu akakohoa. Hicho kikohozi nakijua, huwa kinapita mlangoni kwangu kila tarehe tano. Landilodi! Na huyu mzee ndiye nimekuwa nikimwambia asubiri kidogo, kuna ng'ombe zangu kule Kitui, nikiuza mmoja tu namaliza deni lote la nyumba.

Sasa wewe ungejibu nini? Nikisema sina, nalala nje. Nikisema ninazo, SHA inanipandisha cheo. Nikasema: "Ziko. Lakini ni wagonjwa."

"Uncle, hapa hakuna mahali pa kuandika wagonjwa. Ni ngapi?"

"Ni nne," landilodi akajibu. Alikuwa amezihesabu vizuri kuliko mimi.

Binti akabonyeza. Mashine ikafikiria. Jirani, mia tatu ilipita mbali na mimi. Na si ya kulipa mwezi kwa mwezi kama zamani. Sisi tusio na payslip tunatakiwa tulipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mwaka mzima! Mimi ambaye unga nanunua wa kupimiwa.

Binti akaniona nimeshika meza, akanihurumia. Akasema sasa kuna mpango wa mkopo, Lipa SHA Pole Pole. Unakopeshwa, bima inalipwa, wewe unarudisha kidogo kidogo. Nikaanza kupumua.

Landilodi akasogea mbele, miwani mpaka kwenye pua, akainamia skrini.

"Binti," akasema, "hebu angalia kama hiyo inaweza kulipa na rent."