Heko, Mheshimiwa Uchovu

Kuna mgombea mmoja wa Kenya ambaye hajawahi kukodi helikopta wala kugawa wilibaro. Hana wimbo, hana ishara ya vidole, hana fulana. Kampeni zikishachacha, huja kwa miguu, akajiketia kando ya mpiga kura na kumwambia taratibu: zima redio. Jina lake ni Uchovu, na sifa zake zimecheleweshwa mno.

Wafuasi wake huongezeka bila yeye kuwatafuta. Mwaka 2013 takriban asilimia 86 ya waliojiandikisha walipiga kura. Agosti 2017 walikuwa karibu asilimia 80; Agosti 2022, kama 65. Ni chama gani kingine kimekua hivyo bila mkutano hata mmoja wa hadhara? Uchaguzi wa marudio wa Oktoba 2017, uliovuta kama asilimia 39 tu, hajidai kuwa ni wake: upinzani ulikuwa umewaambia watu wake wasusie. Uchovu ni muungwana, haibi kura. Tena kazi yake huianza mapema. Oktoba 2021 Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilifungua usajili ikitarajia wapiga kura wapya milioni 6. Walijitokeza kama milioni 1.5.

Wasiompenda humwita mvivu. Mvivu gani huyo mwenye kumbukumbu ya mwenye duka la mikopo? Anaikumbuka vizuri laptopu ya mwaka 2013, iliyoahidiwa kila mtoto aingiaye darasa la kwanza. Vifaa vilipoanza kufika shuleni mwaka 2016 vilikuwa vishikwambi, na watoto wa kwanza kutamanishwa walikwisha kulivuka darasa hilo. Uchovu hakupiga kelele. Aliandika tu daftarini, chini ya vile viwanja vya michezo vya kimataifa vilivyoahidiwa mwaka uleule wa 2013.

Lakini aliyempandisha cheo ni handisheki. Mwaka 2017 majirani walinuniana, marafiki wakafutana kwenye simu, na wako waliozika jamaa zao. Tarehe 9 Machi 2018, miezi mitano haijatimia tangu kura ya marudio, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, mahasimu wa uchaguzi ule, walisimama nje ya Harambee House wakashikana mikono, wakitabasamu. Mwaka 2022 wakawa jukwaa moja. Mwaka 2024 William Ruto, aliyewashinda, akawaingiza vigogo wa chama cha Raila katika baraza lake la mawaziri. Wachambuzi walishangaa. Uchovu hakushangaa hata kidogo, maana yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mama wa nyumba ya tatu aendelee kumkopesha chumvi mama wa nyumba ya nne, hata kama picha zilizobandikwa milangoni mwao hazifanani.

Na asidhaniwe hana ucheshi. Mgombea urais Profesa George Wajackoyah alipoahidi mwaka 2022 kufuga nyoka, kulima bangi na kuiuzia China korodani za fisi, kura zaidi ya 61,000 zilimwendea. Haiwezekani wote hao wawe walikuwa wapenzi wa fisi.

Katika mambo ya nyumbani Uchovu hana mshindani. Fulana ya kampeni, ikipita mikononi mwake, hufuta bodaboda vizuri kuliko kitambaa cha dukani. Leso yenye sura ya mheshimiwa humfunga mtoto mgongoni, sura ikiangalia chini. Kuhusu ile noti ya mia mbili inayokunjwa ndani ya salamu, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inambana anayetoa na anayepokea vilevile. Hapo Uchovu, ni haki kusema, huwa hasomi sheria. Hupokea kwa wote na hajioni ana deni kwa yeyote. Msifiaji wake angependa kuliruka doa hili, ila linaonekana mno.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027. Helikopta itashuka tena kwenye uwanja wa shule, na watoto watakimbilia huko peku, wakipiga mayowe. Muuza viazi karai pale langoni atainua macho mara moja tu, aione inashukia upande gani, kisha atalifunika karai lake lisiingie vumbi.