Uradi wa Fundi wa Langoni

Anayetaka kumtaja Mola wake pamoja na wenzake, kwa Amu hana taabu. Mji huu wa mawe, ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, una misikiti zaidi ya 20, na Msikiti wa Pwani unahesabiwa tangu karne ya 14. Kila Mfunguo Sita, Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, sharifu aliyezaliwa Ngazija, hujaa wageni wa maulidi kutoka pembe zote za pwani, na matwari yakianza kulia hakuna anayeulizwa kama amehifadhi au hakuhifadhi. Safu humbeba mtu. Wenziwe wakiitikia, naye huitikia. Wakinyamaza, hunyamaza, akaonekana mcha Mungu wa miaka mingi.

Taabu huanza mtu anapotaka kuyafanya hayo nyumbani kwake, peke yake, kila siku, bila imamu wa kumtangulia wala jirani wa kumkanyaga kidole.

Fundi seremala mmoja wa mtaa wa Langoni, ambaye jina lake halitatajwa kwa kuwa mji ni mdogo na milango aliyoichonga ni mingi, alilitilia nia jambo hilo siku chache baada ya Idi. Ramadhani ilikuwa imemwendea vizuri. Tarawehe hakuzikosa, na wakati wa daku alikuwa akiamka kabla ya mkewe. Mfunguo Mosi ulipoingia akajikuta anarudi kulala baada ya sala ya alfajiri mpaka jua la kuchoma. Akaona haya, akaamua kushika uradi.

Maalimu wake alimchagulia Ratibu ya Haddad, isomwe baada ya isha. Uteuzi haukuwa wa ajabu. Mtungaji wake, Imamu Abdallah bin Alawi al-Haddad wa Tarim, Hadhramaut, alizaliwa mwaka 1634, akapofuka utotoni kwa ndui, na alipofariki mwaka 1720 aliacha vitabu vinavyosomeshwa hadi leo. Ratibu aliitunga mwaka 1071 wa Hijria, sawa na 1661, kwa ombi la mwanafunzi wake wa Shibam aliyetaka kitu cha kuwashikamanisha watu wa kwao. Masharifu wa Kihadhrami wakaja nayo pwani na majahazi ya kaskazi, na sasa hata watoto wa Amu wanaijua kwa sikio. Kuisoma yote ni robo saa hivi. Ni hiyo robo saa iliyomghuri fundi. Mtu anayeweza kusimama bandarini tangu asubuhi hadi adhuhuri akibishania bei ya mbao za mbambakofi, atakosaje robo saa ya Mola wake?

Kitu cha kwanza kilichomshinda ni nyumba yake mwenyewe. Nyumba za kale za Amu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na kuezekwa kwa boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti hizo hazivuki mita tatu hivi, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Kibla nacho kiko kaskazini, kikielemea magharibi kidogo mno. Katika nyumba ya fundi, kaskazini ni kiwandani, na kiwandani ndipo mkewe anapooshea vyombo baada ya chajio.

Usiku wa kwanza akatandika msala, akaketi, akaelekea kibla. Yaani akamwelekea mkewe. Mke akaosha sahani mbili, akainua uso, akakuta anatazamwa. "Una nini, mbona wanitumbulia mato?" Fundi alikuwa katikati ya tahalili, na maalimu alikuwa amemkataza kuikata. Akainua kidole juu, kumaanisha kwamba yuko na Aliye juu. Mke akatazama alikoonyeshwa, akafahamu kuwa kuna paka darini tena, akamwita mtoto wa jirani apande na ufagio. Paka kweli alikuwapo, kwani Amu haikosi paka. Alishuka kwa kishindo, akatua juu ya msala.

Fundi akafikiri kilichokosekana ni haiba. Usiku uliofuata akatia makaa chetezoni, akaweka na kipande cha udi kilichokuwa kimefichwa kwa ajili ya harusi ya binti wa nduguye. Alisahau kwamba kwa Amu udi si manukato peke yake, ni taarifa. Vichochoro vingine vya mji huo punda wawili hawapishani, dirisha linatazamana na dirisha, na moshi wa udi mzuri hauombi njia. Haukupita muda, jirani akaita kutoka juu: "Yeo kuna nini huko? Nani aposwa?" Mke akajibu hakuna kitu. Jibu hilo ndilo lililoharibu. Nyumba ikifukiza udi usiku wa Jumatatu na mwenyewe akasema hakuna kitu, basi kuna kitu kikubwa. Asubuhi, dukani, fundi alikuwa anaoa mke wa pili huko Matondoni. Kufikia adhuhuri mahari ilikuwa imeshalipwa. Siku hiyo fundi alikula mkate wa mofa wa jana bila mchuzi, na ilibidi maalimu aje mwenyewe kutoa ushahidi.

Uradi ukahamishiwa alfajiri, darini, mbali na vyombo na mbali na chetezo.

Sasa, Amu inakadiriwa kuwa na punda wapatao 3,000. Ndio wanaobeba mchanga, saruji na magunia katika njia zisizopitika kwa gari, na tangu mwaka 1987 wana kliniki yao wenyewe mjini, ya shirika la Donkey Sanctuary la Uingereza. Wenyeji husema asiye na punda ni punda mwenyewe. Fundi hakuwa na ugomvi nao mpaka alipokumbuka hadithi aliyosomeshwa chuoni, iliyomo katika Bukhari na Muslim: mtu akisikia jogoo akiwika na amwombe Mungu fadhila zake, maana jogoo ameona malaika, na akisikia punda akilia na ajikinge kwa Mungu, maana punda ameona shetani. Mwingine angeikumbuka, akapita. Fundi ni mtu wa vipimo. Ua moja la mlango halimtoki mkononi mpaka lilingane na mwenzake.

Akaketi, akaanza. Jogoo wa jirani akawika; akaomba fadhila. Punda wa chini ya ukuta akalia, akajikinga. Punda wa pili akamjibu wa kwanza, akajikinga tena. Majogoo wakapokezana mpaka upande wa Mkomani, na punda nao hawakutaka kupitwa. Jua lilipochomoza juu ya kisiwa cha Manda, fundi alikuwa amekwisha kuomba fadhila za kuutosha ukoo mzima, na ratibu yenyewe haijavuka Ayatul Kursiy. Alipomlalamikia maalimu, akaambiwa asijitaabishe: Mtume alifundisha kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, ijapokuwa ndogo. Fundi akaondoka amefurahi sana, ameshika "ndogo" na kuiacha "idumuyo" palepale barazani.

Si kwamba wanavyuoni hawakuwafikiria watu wa aina yake. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga katika Ihya kitabu kizima cha kupanga nyiradi za usiku na mchana, akawagawa watu mafungu sita, na mafundi wakapata fungu lao. Maalimu alilisomesha baada ya al-asiri, na fundi akasikia alichokuwa akikingoja: mwenye kazi na watoto haimfalii kuwaacha wakapotea ili azame katika ibada; wakati wa soko, uradi wake ni kuwa sokoni akichuma, mradi asimsahau Mola wake mikono ikiwa kazini. Alirudi nyumbani mbio, akamtangazia mkewe kwamba kwa ruhusa ya miaka 900 sasa randa yake inatosha.

Mke alikuwa ameisikiliza darsa hiyohiyo kutoka dirishani kwa jirani. Akamwuliza mbona mwisho wake ameuacha njiani, pale Imamu anaposema kwamba anayeendelea kuchuma baada ya kupata cha kumtosha, akakitoa sadaka kilichozidi, huyo amefanya bora kuliko nyiradi nyingine. "Haya, hicho kilichozidi ki wapi, tukitoe?"

Fundi akarudi kwenye msala.

Mke mwenyewe hana msala wa uradi wala saa yake. Visiwa hivi vina desturi ya siku nyingi ya elimu ya dini inayokaa majumbani, mikononi mwa wanawake. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi wake mashuhuri mwaka 1858 alikuwa mgonjwa, na utungo huo wa nasaha humalizikia katika dua. Mke wa fundi aliupokea uradi wake kwa bibi yake pamoja na mbuzi ya kukunia nazi, na saa yake ni unga: mahamri hukandwa kwa salawati mia, zikipungua hayafuri. Fundi alipoona hivyo akajitolea kukanda, apate thawabu na kifungua kinywa kwa mkupuo mmoja. Hesabu ikampotea kati ya arubaini na hamsini, akaanza upya, ikampotea tena, akaanza upya. Mahamri ya siku hiyo waliyala majogoo.

Hiyo hesabu ilikuwa na kisa chake peke yake. Tasbihi yake ya kwanza ilimkatikia akiwa ameinama juu ya birika anatawadha, na shanga za mti zikaelea majini. Watu wa Amu huweka visamaki birikani wale viluwiluwi vya mbu, na visamaki vya fundi, vikidhani sikukuu imefika mapema, vikaanza kuzisukuma huku na huku. Nyingi alizipata. Zilizobaki hutokea mojamoja ndani ya kata, na mgeni anayetawadha pale huombwa kwa adabu airudishe shanga ya watu. Kisha akanunua kile kidude cha kuvaa kidoleni, kinachohesabu kwa kubonyezwa. Mjukuu wake akakipata. Fundi aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta amekwisha kumtaja Mola wake mara zaidi ya elfu nne, akakaa kitako muda mrefu akijiuliza kama ni uaminifu kuifuta au ni ujinga.

Maalimu akamwambia arudi kwenye vidole. Katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume aliwaagiza wanawake wahesabu kwa vidole, maana vitaulizwa na kutakiwa viseme. Wengi huhesabu pingili tatu kwa kila kidole, gumba nalo likikadiriwa hivyo: 15 mkono mmoja, 30 miwili, na tatu za kukamilishia, ikawa 33. Bahati mbaya, miaka mingi nyuma msumeno ulikula ncha ya kidole cha kati cha mkono wake wa kushoto. Kila akimaliza, anatoka na 32.

Suala likafika barazani, na baraza la Amu halijawahi kukosa la kusema. Nahodha mstaafu alishikilia kwamba pingili iliyokatika ihesabiwe hewani, palepale ilipokuwa, kwa kuwa siku ya kiama mwenyewe atarudishiwa. Muuza halua akapinga: pingili ile ilizikwa, na aliyezikwa amesamehewa ibada. Mshona kofia, ambaye maisha yake yote ni kuhesabu matundu, alipendekeza kidole cha mguu kikaimu. Kijana mmoja akataka kusema kuna programu ya simu, akanyamazishwa kabla hajaitaja. Kahawa ikaongezwa. Maalimu alipopita aliwaambia taratibu kwamba fundi aongeze moja, yaishe, lakini alichelewa: watu walikuwa wamekwisha kugawanyika, hawa wa hewani, hawa wa mguuni, na mmoja alikuwa amevua kiatu ili kuonyesha. Maghribi ikaadhiniwa kutoka msikiti wa kwanza, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Fundi akainuka kwenda kutawadha. Nahodha akamshika kanzu, akamwambia angoje kwanza, maana hajamwuliza mwenyewe huwa anaanzia kidole gani.