Kitenzi Kimefichwa Wapi?

Kwetu hapa Meru, ukiona karatasi inaanza na neno "kindly", jua umepatikana. Ama kodi ya nyumba imepanda, ama stima inakatwa, ama mtoto anarudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Sijawahi kuandikiwa "kindly" na mtu mkarimu. Mama mboga anayenikopesha sukuma wiki hadi mwisho wa mwezi huniambia tu, "Mzee, utalipa." Kitenzi kimoja, wakati ujao. Nami hulipa.

Kiingereza cha ofisi zetu, kuanzia Embu mjini hadi Maua, kinaogopa kitenzi. Kitenzi hakiruhusiwi kutoka peke yake; kinatoka kama gavana, magari mbele, magari nyuma, king'ora juu. Juzi kampuni moja ya maji, ambayo sitaitaja, ilitutumia ujumbe: "Whereas we had earlier on promised, we may however not be able to be in a position to supply." Soma tena, polepole. Kitenzi chenye kazi ni "supply", na kimekaa mwisho kabisa wa foleni. Ili kukifikia unapita "whereas", unapita "may", unapita "however", unapita "able", halafu unakuta "position" imekaa njiani kama askari wa kizuizi. Nilipofika kwenye maji, nilikuwa nimeshachukua mtungi wa lita 20 na kuelekea kisimani.

Nenda kwenye harambee yoyote, iwe Nkubu au Runyenjes. Mgeni wa heshima atasimama na kusema "we can be able to". Uwezo umetajwa mara mbili na mfuko haujaguswa hata mara moja. Mfawidhi naye atatangaza "last but not least", kisha awaite watu watatu zaidi, na wa mwisho kati yao aanze kwa "without wasting time". Hapo ndipo akina mama wanaopika hufunika sufuria upya.

Nimejaribu kutafuta wa kulaumiwa, nikaanza na wamisionari waliotufundisha Kiingereza. Waanglikana walifungua misheni Kigari, upande wa Embu, mwaka 1910. Wamethodisti wakaja Kaaga, hapa Meru, mwaka 1912. Waskoti wakatia nanga Chogoria mwaka 1922 pamoja na daktari wao, Irvine. Na kuna mapadri wa Consolata, waliotoka Italia, ambao Kiingereza chenyewe ilibidi nao wajifunze. Sasa kila dhehebu linasukumia jingine. Jirani yangu Mmethodisti anaapa kwamba "although... but" tuliletewa na Wakatoliki. Mimi nasema hiyo haikuletwa na mzungu yeyote. Ni Kiswahili chetu: "Ingawa mvua ilinyesha, lakini tulienda." Tunasema hivyo kila siku na hakuna aliyelazwa hospitali. Mwingereza anataka kiunganishi kimoja tu kwa sababu ni mtu wa kubana matumizi. Hiyo nawasamehe watu wangu.

Nisichosamehe ni "had".

Kwa wenye lugha yao, "had" hungoja tukio jingine lililofuata: nilikuwa nimeshakula, ndipo mgeni akabisha hodi. Kwetu inasimama yenyewe, hasa penye madeni. Mpigie simu mtu unayemdai. "I had sent it." Kabla ya nini? Kimya. Kisha, taratibu, inakuja "but", na nyuma ya "but" wamejipanga mtandao, wakala wa M-Pesa, nyanya aliyelazwa, na laini iliyosajiliwa kwa jina la shemeji. Rafiki yangu anayefanya biashara ya miraa kule Maua ana kanuni yake: pesa yoyote iliyotajwa kabla ya "but" haipo. Miraa haingoji, inanyauka, kwa hiyo amejifunza sarufi haraka kuliko sisi wengine.

Vielezi navyo vimegeuka mashahidi wa uongo. "Just" na "already" ndio wabaya zaidi. Unamngoja mtu Meru, anakuambia kwenye simu, "I'm already just around Igoji," na nyuma yake unamsikia kondakta akiita "Chuka, Nkubu, Meru, wawili waende!" Huyo bado yuko stendi ya Embu. Runyenjes hajaiona, Chuka hajaiona, daraja la Nithi hajalivuka. Kitenzi cha kusafiri hakimo kabisa katika sentensi yake. Kielezi ndicho kinachosafiri.

Halafu tunashangaa watoto wametoa wapi. Wametoa shuleni, tena kwa alama. Karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, ile 101/2, humtaka mtahiniwa aandike sentensi upya kulingana na maagizo, na mazoezi ya darasani hayaishi: anza na "Hardly", anza na "No sooner". Kielezi kikikaa mbele, "had" inaruka juu ya mwenye kutenda na kusimama kabla yake. "Hardly" huitisha "when", "no sooner" huitisha "than", na ukizibadilisha umekwisha. Mtoto wa dada yangu, aliye Kidato cha Nne huko Embu, amezimeza zote. Likizo iliyopita tulimwachia maziwa jikoni. Tuliporudi alitupokea mlangoni.

"Anko, no sooner had I left the kitchen than the milk boiled over."

Sentensi haina doa. Mtahini angempa alama zote na kumpigia mstari kwa kalamu nyekundu kwa furaha. Lakini lita mbili za maziwa zimelala juu ya jiko, na katika sentensi nzima hakuna aliyekosa! Yeye ameondoka tu. Maziwa yamechemka yenyewe. Lawama yote imebebwa na "no sooner". Mama yake alimwambia neno moja kwa Kiembu, kitenzi kitupu cha kuamrisha, na binti akachukua kitambaa.

Kiswahili nacho kina ujanja wake, sikatai. "Inashughulikiwa" haina mshughulikiaji, na "tutaangalia" haijawahi kuona kitu. Ila hapo hata mtoto wa chekechea anajua ameambiwa hapana. Mtu akinikatalia kwa Kiingereza cha notisi, narudi nyumbani nikidhani nimekubaliwa, nasimulia mke wangu, tunapanga na bajeti.

Tena hakuna anayetulazimisha. Katiba ya 2010, Ibara ya 7, inasema Kiswahili ndicho lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi sawa na Kiingereza. Hakuna kifungu kinachosema chama chetu cha watu kumi na wawili, wanaonunuliana matangi ya maji na mbuzi, sharti kiandike kumbukumbu za mkutano zenye "whereby" katika kila mstari. Katibu wetu huandika "whereby" hata mahali ambapo hakuna "where" wala "by".

Chama kinakutana Jumamosi hii. Nimewasilisha hoja kwamba kumbukumbu na barua zetu zote ziandikwe kwa Kiswahili. Wanaopinga wanakaribishwa, ila kila mmoja atoe pingamizi lake kwa sentensi moja yenye kitenzi kimoja, na "however" aiache nyumbani.