Suruali Iliyokubali Kurefuka

Mafundi wa zamani walikula raha. Suruali ilikuwa pana, ina marinda mbele, na ndani yake mlikuwa na nafasi ya kusitiri tumbo, magoti yanayogombana na dhambi zote za mshonaji. Fundi akikosea inchi nzima, nani atajua? Kitambaa kinaning'inia, upepo unapita, mteja anashukuru. Suruali ya kubana haina huruma hiyo. Vijana wa Dar es Salaam wanaiita modo, wauzaji wa Kariakoo wanaiita slimu, na mimi nina majina yangu ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Nusu inchi uliyoikosea inasimama hadharani na kutoa ushahidi.

Nasema haya nikiwa mtu wa ofisini mwenye cherehani. Mama aliniachia Butterfly ya kukanyaga kwa miguu, na cherehani ikikaa sebuleni miaka na miaka bila kazi inaanza kukutazama. Ningeweza kupeleka kitambaa kwa fundi wa mtaani kwetu, ambaye ana kipaji kweli, ila kalenda yake ina siku moja tu, nayo ni kesho.

Mjomba alinikuta nimejizungushia futi kwenye paja, akaguna. Akanikumbusha kwamba jambo ninalolihangaikia liliwahi kuwa kosa. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana: kuanzia 1 Januari 1969 vimini, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana visionekane Dar es Salaam. Wasomaji wa magazeti wakabishana kwa barua, wengine wakiuliza utamaduni wa taifa unapimwa vipi kwa mzunguko wa paja. Mjomba hakuandika barua. Anasema suruali yake aliiuza kwa mtu wa Morogoro, ambako aliamini operesheni ingechelewa kufika. Alipomaliza kusimulia akaniangalia tena mapaja, akasema kwa hali hii nisingehitaji kukamatwa na Vijana wa TANU, mjumbe wa nyumba kumi peke yake angetosha.

Nikaenda Mtaa wa Uhuru kununua kitambaa cha kadeti. Muuzaji alikishika kwa mikono miwili, akakivuta, kikavutika, akakiachia, kikarudi. "Bosi, hiki kina lastiki ndani. Hata ukipanda bodaboda huisikii suruali." Hakudanganya. Nyuzi hizo zilibuniwa mwaka 1958 na Joseph Shivers, mkemia wa kampuni ya DuPont huko Marekani, na zikichanganywa kidogo tu na pamba zinamwezesha mtu mzima kuvaa suruali iliyo ndogo kuliko yeye. Kitu ambacho muuzaji hakukisema, na sikumuuliza, ni kwamba kitambaa cha namna hii mara nyingi huvutika upande mmoja tu, kwa upana wake, kutoka ukingo mmoja hadi wa pili. Kwa urefu hakitaki utani. Kwa hiyo vipande vya suruali hulazwa kwa urefu wa kitambaa, ili ule mvutiko uzunguke mwili, pale penye nyama.

Nilikitandaza sakafuni. Mita moja na robo. Mtu yeyote mwenye hesabu angeona kwamba ukivilaza vipande kwa kukingama unabakiwa na kitambaa cha kutosha kofia. Nikavilaza kwa kukingama. Kofia sijaishona hadi leo.

Suruali iliyopatikana ilikubali kurefuka lakini ikakataa katakata kupanuka. Asubuhi iliishia kwenye vifundo vya miguu. Saa sita mchana ilikuwa imeteremka hadi visiginoni, na jioni nikawa naikanyaga. Mapajani, wakati huohuo, haikuachia hata uzi mmoja. Nilitembea ofisini kwa hatua fupifupi za unyenyekevu, na bosi wangu, ambaye hajui chochote kuhusu kushona, akanisifu kwamba siku hizi nimetulia.

Na hapo nimeruka suala la kuivaa. Nilikuwa nimepima kifundo cha mguu, ambacho ni chembamba na hakina makuu, nikaipa suruali mdomo wa inchi 11. Lakini kifundo hakipiti peke yake. Kinachopita kwanza ni mguu, na mguu ukiupima kuzungukia kisigino na juu ya unyayo, wangu ulisoma inchi 13. Kuna mbinu ya kuuvika mguu mfuko laini wa plastiki ili uteleze, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Tanzania tangu 1 Juni 2019, na nyumba yetu ni ya watii wa sheria. Tukatumia poda ya mtoto. Kuingia niliingia. Kutoka ndiko kulihitaji nguvu kazi: mke wangu akivuta pindo, kijana wetu wa darasa la nne akinishikilia makwapani. Kesho yake mwalimu wa darasa aliniuliza kwa upole kama nyumbani kuna mgonjwa.

Basi ikawa kazi ya kurekebisha. Mke wangu alikubali kunibana pini, kwa sharti kwamba nisiongee. Ukitaka kuona mishono, suruali unaigeuza nje ndani, na hapo pana mtego. Mguu wa kushoto wa suruali unahamia kulia, wa kulia unahamia kushoto. Kwa mtu mwenye mapaja yanayolingana haidhuru. Mimi nilicheza beki ya kulia miaka mingi, na paja langu la kulia lina historia. Tukapunguza kwa uangalifu mkubwa mguu wa kushoto, ule mwembamba, tukashona, nikaigeuza suruali na kuivaa. Paja lenye historia likakuta mlango umefungwa.

Tukafumua, na safari hii nikaamua kupunguza upande wa nje peke yake, maana upande wa ndani una msamba na msamba sikutaka kuugusa. Kumbe mguu wa suruali ukiula upande mmoja unapinda. Nikisimama mbele ya kioo mshono wa nje ulianzia kiunoni vizuri, ukafika gotini umeshageuka, ukaishia mbele, juu ya ugoko. Mtu akinitazama miguu alidhani naelekea kwingine.

Hali ilikuwa hivyo shangazi alipofika kutoka Tanga. Shangazi ameshona sare za shule maisha yake yote, na watoto, tofauti na watu wazima, wanakimbia, wanapanda miti na kurushana ukutani, kwa hiyo suruali isiyo sawa inarudishwa jioni ileile. Nikampa shikamoo. Akaitikia huku macho yake yakiwa magotini kwangu.

"Kaa, mwanangu."

Nikakaa.

"Hujakaa. Umeegemea."

Ni kweli. Kiti nilikigusa kwa ukingo wa kalio moja, mgongo umenyooka, mguu mmoja mbele. Ndiyo njia pekee ambayo suruali ile iliniruhusu, na nilikuwa nimeizoea hadi nikaiona ni heshima.

Shangazi ana msimamo kwamba kioo ni adui wa mshonaji, na sasa nakubaliana naye kabisa. Mbele ya kioo watu husimama, huvuta tumbo ndani, hawapumui. Suruali lazima ipimwe mtu akiwa amekaa, kwa sababu akikaa makalio hutanuka, paja hunenepa, goti linadai kitambaa chake, na kiuno cha nyuma kinavutwa chini mpaka jirani wa nyuma anasoma lebo ya chupi. Akaniinua, akanizungusha, akaanza kusoma mikunjo. Ile iliyotoka kwenye msamba kwenda kulia na kushoto mfano wa sharubu za paka ilimwambia kwamba pale pamebana. Ile ya chini ya makalio ilimwambia kwamba nyuma sikuupa msamba nafasi. Akaomba vipande vilivyobaki, akalaza cha mbele juu ya cha nyuma. Vililingana vizuri sana.

"Umekata mbele na nyuma sawasawa."

Nikamwambia ndiyo, nilitumia muda kuhakikisha.

"Kwani wewe mbele na nyuma uko sawasawa?"

Siri yote ya suruali ya kubana iko hapo, na hakuna aliyewahi kunieleza. Mkato wa msamba wa mbele ni mfupi, umesimama karibu wima. Wa nyuma ni mrefu, umelala, umechimbwa kwa ndani, na unapanda juu zaidi kiunoni, kwa sababu una mlima wa kuzunguka. Katika suruali pana unaweza kuudanganya. Hii haidanganyiki: ukipunguza miguu bila kuugusa msamba, unakuwa umehamisha matatizo yote kuyapeleka mahali ambapo mtu hawezi kujikuna mbele za watu.

Akanituma dukani kununua marekani, ile pamba nyeupe ya bei nafuu, nishone ya majaribio kwanza. Shangazi anapenda kusema kitambaa hicho kina heshima kuliko wanaokivaa. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakikishusha Zanzibar karne ya 19, Sayyid Said akatiliana mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na huko bara misafara ilikitumia mahali pa fedha. Mimi nilikuwa nakikatakata sebuleni ili nijue umbo la makalio yangu. "Ikikukalia ya marekani isiyovutika," alisema, "ya lastiki itakukumbatia." Tukaifumua ile ya majaribio, tukaongeza nyuma, tukateremsha mkato, tukapunguza pande zote mbili za mguu sawa kwa sawa, na mdomo wa chini ukapewa inchi 14 bila mjadala. Nikakaa kwenye kigoda. Nikachuchumaa. Nikafunga kamba za viatu nikiwa napumua.

Kisha nikakata kadeti mpya, kwa urefu wa kitambaa, na kusema kweli ilitoka vizuri. Shangazi aliondoka asubuhi kurudi Tanga akiwa ameacha agizo moja: msamba unashonwa mara mbili, mstari juu ya mstari. Nikaushona mara mbili usiku ule. Umeme ulikuwa umekatika, lakini cherehani ya miguu haijali umeme, na tochi ya simu inaonyesha mshono wa juu vizuri tu. Haionyeshi kwamba bobini imekwisha uzi. Mzunguko wa pili wote nilitoboa matundu, na matundu kwenye mshono hayaongezi nguvu.

Suruali niliizindua kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa jirani. Viti vilikuwa vile vya plastiki, vifupi. Nilikaa, nikakaa kweli, suruali ikanikumbatia kama ilivyoahidiwa. Nikaokota kalamu iliyoanguka. Mlio ulikuwa mdogo. Aliyekuwa karibu nami alidhani ni kiti.

Wakafika kwenye ahadi. Utaratibu ulikuwa mtu asimame, ataje jina na kiasi, apigiwe makofi. Ilipofika zamu yangu nikataja laki moja nikiwa nimekaa. Mwenyekiti akasema, "Kaka, tunaomba usimame, wajumbe wakuone." Nikasema laki na nusu. Akacheka, akasisitiza. Nikasema laki mbili, na nikaeleza kwamba kwetu ahadi nzito hutolewa mtu akiwa ameketi. Makofi yakapigwa kuliko ya wote waliosimama. Sala ya kufunga nilisali nimeinama kitini, wenye viti wakaja kuvikusanya, bado nipo. Mwenyekiti alinigusa bega kabla ya kuondoka, akanieleza kwamba kamati imeona uzito wangu, na kuanzia kikao kijacho mimi ndiye mweka hazina.