Kiherehere cha Jirani

Mwezi wangu wa kwanza Inver Grove Heights, kitongoji cha Saint Paul kando ya mto Mississippi, nilikuta karatasi imebandikwa mlangoni. Jirani, mama mtu mzima, aliandika kwamba yuko "anxious" kuonana nami, nifike Jumamosi jioni kwa chakula.

Tumbo joto! Shuleni Tanga tulikaririshwa kuwa "anxious" ni mwenye wasiwasi. Sasa mama wa watu nimemtia wasiwasi gani? Labda taarab ya usiku. Labda wale dagaa wa Jumanne, maana harufu yao ilipita ukutani, na sishangai kama ilivuka mto ikafika St. Paul Park.

Nikampigia mke wangu.

"Nenda na karatasi zako zote, baba Asha," akasema. "Wazungu hutulizwa kwa karatasi."

Basi nikabisha hodi na bahasha mkononi: pasipoti, mkataba wa nyumba, barua ya kazini, hata kile kijitabu cha chanjo ya homa ya manjano. Mlango ulipofunguka nikarudi nyuma hatua tatu, nikaanza kusema polepole, kama ninayembembeleza mbuzi aliyekata kamba, kwamba asiogope, mimi ni mtu mwema. Mama akaniangalia, akaiangalia bahasha, naye akarudi nyuma. Hapo ndipo alipopata wasiwasi wenyewe.

Tulielewana mezani, mbele ya hotdish, chakula kinachopendwa sana Minnesota: nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, na juu yake vibonge vya viazi vilivyopangwa kama vigae. Akanieleza kuwa neno lile, lililotokana na kitenzi cha Kilatini cha kukaba, ni la mwenye hofu na pia la mwenye hamu isiyongoja. Nikacheka peke yangu. Si kiherehere hicho? Moyo ukidunda kwa woga, kiherehere. Mtu akitangulia jikoni kabla hajaitwa, kiherehere vilevile. Nikamfundisha neno, akaliandika kwenye kijidaftari chake. Kwamba ukimwambia mtu ana kiherehere umemtukana, hilo nililiacha; hotdish ilikuwa bado inaongezwa.

Wiki iliyofuata nikakuta karatasi nyingine mlangoni, kwa Kiswahili: "Nina kiherehere cha dagaa."

Nimeisoma mara nne. Kikaango kiko jikoni, sijawasha moto.